Wangari Maathai: Rungu lilitangulia, nishani ikafuata

Desemba 12 inapokaribia, makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja huchangamka. Orodha ya Wakenya waliotunukiwa nishani za kitaifa ikitoka tu, kuna mtu ataipitia jina baada ya jina akitafuta watu wa shule yao. Huyu ni wetu, alimaliza mwaka fulani. Yule alikuwa bweni letu. Kesho yake shule inaweka picha mtandaoni, mwalimu mkuu anamtaja kwenye paredi ya asubuhi, na wewe uliye Kidato cha Tatu unaambiwa ufuate nyayo.

Si vibaya. Lakini hebu tuseme ukweli. Ukiwa umeketi Kaptembwo, kwenye ploti ya nyumba kumi zinazotumia mfereji mmoja, herufi kama EGH, EBS au OGW nyuma ya jina la mtu huonekana ni za watu wa dunia nyingine. Watu waliozaliwa na jina, wakasomea shule za majina, wakapewa kazi za majina.

Basi leo tumwangalie mtu mmoja unayedhani unamjua. Huenda ulimsoma shule ya msingi, ukakumbuka miti na Tuzo ya Nobel, ukafunga kitabu. Wangari Maathai alifariki Septemba 25, 2011. Kama bado uko shule ya upili, alipozikwa ulikuwa hujaingia nasari, au hata hukuwa umezaliwa.

Jambo ambalo vitabu hulipita mbio ni kwamba sehemu ya utoto wake aliiishi hapa hapa Nakuru, kwenye makao ya vibarua wa shamba la mzungu, mahali ambapo hapakuwa na shule. Jingine ni kwamba jamhuri iliyomvisha nishani mwaka 2003 ilikuwa imeshamfunga, kumpiga na kumtupa nje ya ofisi, tena kwa ajili ya kazi ile ile iliyokuja kumsifu kwayo.

Binti wa kibarua

Wangari alizaliwa Aprili 1, 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita wa mamake, na msichana wa kwanza. Babake, Muta, alikuwa amefanya kama wanaume wengi wa kule mlimani wakati huo: alikuja Bonde la Ufa kutafuta kazi. Ardhi nzuri huku ilikuwa imeshachukuliwa na walowezi, kwa hivyo ukitaka mahali pa kulima na kufuga, ilikubidi uwe mtu wa mkono wao. Muta alikuwa dereva na fundi wa magari kwa mlowezi mmoja aliyeitwa Neylan, karibu na mji wa Nakuru. Mwaka 1943 hivi, mamake Wangari, Wanjiru, alimfuata mumewe huko pamoja na watoto.

Hapo ndipo Wangari alikaa hadi alipokaribia miaka minane. Vibarua walipewa kipande cha kulima, lakini udongo haukuwa wao. Siku ambayo mwenye shamba angesema mwondoke, mngeondoka. Kama familia yenu ni miongoni mwa zile zilizoingia mitaa ya Nakuru baada ya babu au nyanya kutoka kwenye mashamba kama hayo, waulize wazee nyumbani. Watakusimulia maisha hayo vizuri kuliko mimi.

Shamba halikuwa na shule. Kaka zake wawili walikuwa wakisomea kule Ihithe, na mwishoni mwa 1947 mamake akafunga virago na kurudi kijijini kuwa karibu nao. Wangari alirudi naye, lakini si kwa ajili ya kusoma. Yeye alikuwa binti mkubwa. Kazi ya binti mkubwa ilijulikana: kuni, maji, shamba na kuwalea wadogo.

Kisha kaka yake Nderitu akamwuliza mama swali ambalo leo lingeonekana la kawaida sana: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama hakuwa na kisomo. Angeweza kusema kazi ni nyingi, na hakuna mtu kijijini angemlaumu. Alifikiri, akasema hakuna sababu ya kumzuia. Wangari akaingia Shule ya Msingi ya Ihithe akiwa na miaka minane.

Kila kitu utakachosoma kuanzia hapa kilitegemea swali hilo la ndugu na jibu hilo la mama.

Disk shingoni

Akiwa na miaka 11, Wangari alipelekwa bweni katika shule ya St. Cecilia's kwenye misheni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri. Huko alikutana na kitu unachokijua: disk. Ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani badala ya Kiingereza, ulivaa alama ya aibu hadi umpate mwingine wa kumkabidhi. Miaka mingi baadaye, akiwa profesa, alikuwa akieleza jinsi mtindo huo unavyomfundisha mtoto kuwaonea haya watu wake. Kwa hivyo ukivalishwa disk kwa sababu ya Sheng, jua uko kwenye mstari mrefu.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, akiwa bado huko. Kuta za bweni zilimkinga na mengi. Nyumbani, mamake alilazimishwa kuhamia kijiji cha dharura chini ya ulinzi wa askari. Hata yeye haikumwacha kabisa: akiwa msichana wa shule, safarini kuja Nakuru kumwona babake wakati wa likizo, alikamatwa na kuzuiliwa kwa muda katika kambi.

Mwaka 1956 alikuwa wa kwanza darasani, akapata nafasi Loreto Limuru. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya pekee ya upili ya Kikatoliki kwa wasichana Waafrika nchini. Moja, nchi nzima. Alimaliza 1959. Wakati huo msichana aliyefika hapo alitarajiwa kuwa mwalimu au nesi. Yeye alipenda sayansi, hasa kwa sababu ya watawa waliomfundisha na kumwacha azunguke maabarani baada ya vipindi, na alitaka chuo kikuu.

Bahati ilikutana na maandalizi. Tom Mboya alikuwa akitafuta njia ya kuwapeleka vijana wa Kenya kusomea Marekani kabla ya uhuru ili nchi isikose wataalamu. Mwaka 1960 familia ya Kennedy ilikubali kulipia safari kupitia wakfu wake, na karibu vijana 300 wakapanda ndege Septemba. Wangari, miaka 20, alikuwa mmoja wao. Alipelekwa chuo cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Njiani, kwenye basi la kutoka New York, walisimama mahali pa kunywa kitu na kukataliwa kuketi kwa sababu ya rangi yao. Ndiyo Marekani ya wakati huo.

Alipata digrii ya biolojia 1964, kisha shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Januari 1966 alirudi nyumbani akiwa na barua ya kazi mkononi: msaidizi wa utafiti kwa profesa wa zoolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa bado chuo kishiriki.

Alipofika, kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Barua anayo, saini iko, kazi hakuna. Wangari aliamini sababu ilikuwa mbili, kabila na jinsia. Kama umewahi kufika mahali na vyeti vyako ukaambiwa nafasi imejazwa jana, hapo mnaelewana. Alizunguka miezi kadhaa kabla ya profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, kumchukua katika idara ya anatomia ya wanyama. Humo ndimo alimojenga jina. Alisomea pia Ujerumani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara, na 1977 profesa mshirika. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika hapo Nairobi kabla yake.

Na bado mishahara na marupurupu ya wanawake pale chuoni haikuwa sawa na ya wanaume. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walianza kudai nyumba, bima na pensheni kama wengine. Huo ulikuwa mwanzo wa watu kumwita kichwa ngumu.

Miche saba

Wengi hudhani alianza na msitu mkubwa na wafadhili. Alianza kwa kuanguka.

Mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge wa Lang'ata mwaka 1974 na kuwaahidi watu kazi. Kura zikaisha, ahadi zikawekwa kando, kama kawaida. Wangari akaona aibu. Akafungua kampuni ndogo ya kuwaajiri watu wa mtaa kupanda na kutunza miti kwenye makazi ya wenye pesa. Wateja hawakuja, maji yakakosekana, miche ikakauka. Biashara ikafa.

Wakati huo huo alikuwa akihudhuria mikutano ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Akina mama wa vijijini walikuja na malalamiko yale yale: kuni ziko mbali, mito inakauka, watoto wanakula vyakula visivyo na nguvu. Yeye alikumbuka Ihithe. Karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa ambao mamake alimkataza kuokota kuni zake, na kando yake kijito ambamo alicheza na mayai ya vyura. Aliporudi kutoka Marekani, mugumo ulikuwa umekatwa ili watu wapande mazao ya kuuza, na kijito kilikuwa kimekauka. Mwanasayansi na binti wa kijijini wakakutana katika kichwa kimoja: mizizi ya mti ule ndiyo iliyokuwa ikishika udongo na kuyapa maji njia.

Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake wa baraza waliandamana kutoka jumba la KICC hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya viongozi saba wa kale wa jamii mbalimbali. Kati ya hiyo saba, ni miwili tu iliyodumu. Mitano ilikufa.

Mahali hapo ndipo mimi na wewe tungesema basi, tumejaribu. Yeye alibadilisha mtindo. Badala ya kupanda kwa sherehe na kuondoka, aliwafunza akina mama kuotesha miche karibu na nyumbani kwao, na akawalipa pesa kidogo kwa kila mche ulioishi. Angalia vizuri hapo: malipo yalikuwa kwa mche ulioishi. Ukipanda na kuacha, hulipwi. Maafisa wa misitu waliwacheka, wakisema kupanda miti kunahitaji diploma. Akina mama wakatumia mikebe, vyungu vilivyovunjika na akili zao. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa vuguvugu la Green Belt, ambalo hadi leo limepanda zaidi ya miti milioni 50 nchini.

Gharama yake

Miaka hiyo hiyo nyumba yake ilivunjika. Mumewe aliondoka 1977, na talaka ikapita mahakamani 1979 mbele ya magazeti. Alipomkosoa jaji hadharani, alihukumiwa kifungo cha miezi sita na akakaa Lang'ata siku tatu kabla ya kuachiliwa. Aliyekuwa mumewe alimtaka aache kutumia jina lake. Wangari aliongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, akaendelea na maisha.

Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge kwao. Mahakama ikasema hakuwa amejisajili ipasavyo, akazuiwa. Alirudi chuoni siku ile ile kuomba kazi yake, akakuta imeshajazwa. Akafukuzwa pia kwenye nyumba ya chuo. Miaka 42, watoto watatu, shahada ya uzamifu, bila kazi wala nyumba ya kukaa. Ukisikia watu wakisema masomo ndiyo ufunguo, kumbuka kwamba kuna milango ambayo hubadilishwa kufuli ukiwa tayari umeshika ufunguo.

Ndipo likaja la Uhuru Park. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama tawala cha KANU kilipanga kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya bustani hiyo, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Hiyo ndiyo bustani ambayo mtu wa Nairobi asiye na pesa ya hoteli angeweza kulala kwenye nyasi Jumapili bila kulipa. Wangari aliandika barua kwa kila mtu aliyeweza kumfikiria, pamoja na waliotarajiwa kutoa pesa nje ya nchi. Bungeni wabunge walimkejeli, wakataja talaka yake. Rais mwenyewe alisema hadharani maneno yaliyomaanisha kwamba mwanamke anayefuata mila anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt ikapewa saa 24 kuondoka katika ofisi ya serikali iliyokuwa ikitumia. Alihamisha kila kitu hadi nyumbani kwake, South C. Wafadhili wakaogopa, na mapema 1990 mradi ukafa. Bustani ipo.

Mwaka 1992 ulikuwa mbaya zaidi. Januari polisi walizingira nyumba yake kwa siku tatu, wakakata vyuma vya dirisha na kumtoa. Februari 28 alijiunga na akina mama waliokuwa na wana wao gerezani kwa sababu za kisiasa. Waliketi pembe moja ya Uhuru Park, wakaanza kususia chakula. Machi 3 polisi waliwavamia kwa gesi ya kutoa machozi na marungu. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu, akakimbizwa hospitalini. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya polisi, laana ambayo mwana wa Kiafrika huijua. Wakahamia kanisa la All Saints, na hawakuacha hadi wana wao walipoanza kuachiliwa mapema 1993.

Miaka hiyo hiyo, Bonde la Ufa lilikuwa likiwaka. Vita vya kikabila vilikuwa vimewafukuza watu Molo, Burnt Forest na kwingineko, wengine wakakimbilia Nakuru mjini. Wangari alifika maeneo hayo, mara nyingine akizuiwa na polisi, akawahimiza majirani waliopigana kuotesha na kupanda miti pamoja. Utasema miti itafanya nini mbele ya mishale. Alichokuwa akisema ni kwamba watu waligombanishwa juu ya ardhi na maji, na wanasiasa waliowasha moto hawakuwa wakilala nje.

Januari 8, 1999 alikwenda Karura, msitu wa umma ulioko Nairobi ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kimyakimya, kupanda mti. Vijana walioajiriwa kulinda pale waliwashambulia, wakampasua kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha ripoti, na alipoambiwa atie saini, alitumia damu yake mwenyewe. Leo ukienda Karura siku ya wikendi, utawakuta vijana wa umri wako wakiendesha baiskeli. Pangekuwa na mageti na nyumba za matajiri.

Herufi tatu

Desemba 2002 Kenya ilibadilisha serikali, na watu wa Tetu wakamchagua Wangari mbunge kwa asilimia 98 ya kura. Januari 2003 Rais Mwai Kibaki alimfanya Waziri Msaidizi wa Mazingira. Mwaka huo huo akatunukiwa EBS, nishani ya Mkuki Unaowaka. Mwaka uliofuata akapewa EGH, ya Moyo wa Dhahabu.

Tufanye hesabu. Kutoka miche saba ya Kamukunji hadi nishani ya kwanza ya nchi yake ni miaka 26. Wageni walikuwa wamemwona mapema: huko Sweden alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1984, miaka 19 kabla ya Kenya kumpa herufi zake tatu. Katikati ya hizo tuzo za ugenini na nishani ya nyumbani kuna ofisi aliyofukuzwa, gereza, na kichwa kilichopasuka.

Hapo ndipo ningependa usimame kidogo kabla hujashangilia orodha ya mwaka huu. Nishani ya kitaifa hutolewa na serikali. Siku zote serikali huwaona haraka walio karibu nayo. Ndiyo maana kila mwaka watu huguna kuhusu majina fulani: huyu amefanya nini? Lakini kuna kazi ambazo zikifanywa sawasawa lazima zimkasirishe mkubwa fulani, na anayezifanya hawezi kutarajia nishani kutoka kwa huyo huyo. Kama Wangari angepima thamani ya kazi yake kwa nishani, angeacha mwaka 1978.

Oktoba 8, 2004 alikuwa njiani kuelekea Nyeri simu ilipolia kutoka Norway. Alikuwa ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Alisimama kwenye hoteli ya Outspan, akaomba jembe na mche, akapanda mti wa Nandi flame akiutazama Mlima Kenya. Magoti chini, mikono kwenye udongo, waandishi wakimzunguka.

Ila usidhani kuanzia hapo mambo yalimnyookea. Katika uchaguzi wa 2007, akiwa na Nobel na nishani zote mbili, alikosa tiketi ya chama chake kule Tetu, akagombea kwa chama kidogo, akashindwa. Herufi nyuma ya jina hazipigi kura.

Mto Njoro unatoka wapi

Sasa turudi kwetu Nakuru. Miaka yake ya mwisho, Wangari alipaza sauti sana kuhusu Msitu wa Mau, ulioliwa kipande baada ya kipande huku hati za ardhi zikigawiwa, nyingine kwa wakubwa. Mau si jambo la mbali. Mto Njoro huanzia upande wa mashariki wa Mau, unapita Njoro, unashuka hadi pande za Kaptembwo na Rhonda, kisha unaingia Ziwa Nakuru. Msitu ukikatwa kule juu, mvua haikai ardhini. Inateremka yote mara moja, imebeba udongo, halafu kiangazi mto unabaki mawe na taka. Unaujua mto huo. Umeuvuka ukiwa mwingi wa kutisha, na umeuvuka ukiwa mkavu.

Hadithi ya kijito cha Ihithe ndiyo hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hiki cha kwetu kinapita karibu na watu maelfu, na wengi wao ni vijana wasio na kazi ambao huambiwa mazingira ni mambo ya wazungu na wenye pesa. Wangari hakuwa mzungu, na alipoanza hakuwa na pesa.

Saratani ndiyo iliyomwondoa, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameomba asizikwe kwenye jeneza la mbao, kwa hivyo akatengenezewa la mwanzi, mafunjo na magugumaji. Oktoba 8, 2011, miaka saba kamili tangu habari ile ya Nobel, serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa, na mwili wake ukateketezwa Kariokor. Mahali pa ibada palikuwa Uhuru Park, ile bustani ambayo ingekuwa ghorofa 60, na ambayo polisi walimpigia hadi akazirai. Askari walisimama wima na kumpigia saluti.

Loreto Limuru wana haki ya kumtaja kwenye paredi. St. Cecilia's pia. Hata Ihithe. Shule zilifanya kazi yao: zilimpa kusoma, kuhesabu, darubini na Kiingereza. Lakini hakuna shule iliyomfundisha kurudi kwenye bustani baada ya kupigwa. Na orodha ya waliomfikisha huko ikiandikwa kwa haki, majina ya kwanza yatakuwa ya watu wasio na nishani: mama asiye na kisomo aliyekubali, na kaka aliyeuliza swali.

Kwa hivyo kabla ya Desemba, tazama ploti yenu. Kuna msichana wa darasa la sita ambaye kila asubuhi anachelewa kwa sababu ndiye anayechota maji na kumpeleka mdogo wake nasari. Wewe ni kaka yake, au dadake mkubwa, au jirani. Uliza kwa nini.

Na kama kikundi chenu kinapanga kupanda miti mvua za Machi zikianza, kuna tarehe inayofaa. Umoja wa Afrika ulitenga Machi 3 kuwa Siku ya Wangari Maathai. Ni tarehe ile ile ambayo mwaka 1992 polisi walimpiga Uhuru Park. Pandeni michache, kisha mpange zamu ya kuimwagilia.